Paka Anayekoroma Kitandani kwa Mama

Paka wangu anakoroma. Watu hawaamini mpaka waje kwangu mjini, Makole, wakae sebuleni baada ya chakula cha mchana, wasikie wenyewe. Anaanza na kafilimbi kadogo puani, halafu unakuja mkoromo wa mtu mzima aliyeshiba ugali. Mara anagutuka, analia kidogo, anageukia upande wa pili, anaendelea. Mimi mkoromo huo ulikuwa unanikera, acha tu.

Mama alipoanguka uani kwake kijijini, upande wa Buigiri, nilimleta kwangu. Alikuwa akiishi peke yake tangu Baba afariki, na akianguka tena hakuna wa kumwinua. Nilitaka abaki moja kwa moja. Nikanunua godoro jipya, nikamwekea feni, na kila akienda kulala nikawa namfungia paka stoo, asije akamsumbua mzee wa watu.

Wiki haikuisha, Mama akaanza kukunja kanga zake.

"Nirudishe kwangu, mwanangu. Hapa silali."

"Godoro baya, Mama?"

"Godoro zuri. Ila nyumba yenu hii imekufa. Hakuna kinachopumua."

Nilinuna. Hee! Nihangaike kote huko, halafu niambiwe nyumba imekufa! Mama alipokwenda kujilaza, nikamfungia paka stoo kama kawaida, nikaenda kupika huku nabamiza masufuria.

Nilipofungua stoo kuchukua mchele, paka akachomoka mbio hadi chumbani kwa Mama. Nikachambua mchele kwanza, nikaubandika, ndipo nikaenda kumtoa. Nilimkuta kajikunja miguuni pa Mama, anakoroma. Na Mama naye anakoroma.

Hapo ndipo nilipoikumbuka nyumba yetu ya tembe kule kijijini, ile ya paa la udongo. Ndama na mbuzi walilala ndani, upande wa pili wa ukuta wa fito, wakicheua na kuhema mpaka kunakucha. Mama hajawahi kulala bila pumzi zao. Mimi nimezoea mjini, nilikuwa nimesahau kabisa. Nilisimama mlangoni, machozi yananitoka, wali unaungua jikoni.

Kanga zilirudi kabatini. Jumapili mama mdogo alipiga simu kutoka kijijini, akauliza dada yake anarudi lini. Mama kwenye simu huwa anapiga kelele, kwa hiyo nyumba nzima tulisikia.

"Sirudi! Huku nalala na mifugo!"

Mama mdogo akauliza mjini kuna mifugo gani.

"Mmoja tu! Lakini anakoroma kama zizi zima!"