Mtaro wa Kihoto

Wachuka, msusi wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, alikuwa na mdomo, na mwaka mzima aliutumia kwa jambo moja tu: mtaro wa maji. Mvua ikinyesha, maji yaliingia kwao bila kubisha hodi. Mama yake, Linah, alikuwa amechoka kuanika magodoro. Alishasema wazi kwamba mtaro usipoingia kwenye bajeti ya wadi safari hii, wanahamia Molo kwa mjomba, na saluni ibaki.

Basi Wachuka na vijana wenzake wakajipanga. Wakachapisha fulana, wakaijaza WhatsApp matangazo, na mmoja wao, Quincy, akakariri hotuba ya kutikisa ukumbi. Siku ya mkutano wa bajeti, Jumanne asubuhi, walikalia viti vyote vya mbele na kupiga makofi hata kabla ya maombi.

Afisa wa wadi, mzee Jamleck, aliwatazama juu ya miwani.

"Nyinyi mko sawa kabisa. Lakini wenye manyumba wako wapi? Siwezi andika watu wa Kihoto wamekubali na naona tu vijana."

Wachuka akageuka kutazama viti vya nyuma: vitupu. Wenye nyumba walikuwa kwenye mashamba ya maua wakikata waridi, kama kila Jumanne. Werevu hawa walikuwa wameita mtaa mzima saa ambayo mtaa mzima uko kazini! Aliona aibu hadi masikio yakapata moto.

"Mzee, tupatie Jumapili," akaomba. "Watu wakitoka church."

"Na speech yangu?" Quincy akamnong'oneza.

"Somea mbuzi."

Jamleck akakuna kichwa, akakubali.

Jioni zilizofuata Wachuka aliweka simu mfukoni akapita mlango kwa mlango. Mlango wa mwisho ulikuwa wa kwao. Mama yake alikuwa akimenya viazi.

"Mum, utakuja Jumapili useme?"

Linah aliendelea kumenya.

Jumapili ukumbi ulifurika. Linah alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Naitwa Linah. Niko Kihoto tangu huyu Wachuka akiwa tumboni. Mikutano imefanywa mingi, hata yake. Ni juzi tu mtu ameniuliza."

Watu wakacheka. Kisha akaeleza habari ya maji, polepole, na hakuna aliyekohoa. Mtaro ukaingia kwenye bajeti.

Wachuka peke yake hakushangilia. Mwaka mzima alikuwa amekula chakula cha mama huyu kila jioni, akimhubiria habari za mtaro, na hakuwahi kumuuliza neno.