Risasi Isiyongoja Kisu

Mume wangu alikuwa askari wa wanyama wa serikali, na risasi zake nilizitunza mimi. Mvua za Kisii zilipozidi, nilizitandaza mkekani na kuzifuta unyevu moja moja. Kwa hiyo mtu asiniambie mwanamke hajui bunduki. Nazijua!

Za zamani zilikuwa nene, zenye pua butu. Zilikwenda polepole kwa kishindo kikubwa. Zilimvunja mnyama bega, akaanguka akikoroma, na mume wangu akawahi kumchinja kwa Bismillahi. Nyama kuzunguka tundu ilibaki nzima. Tulikula sisi Waislamu wa mjini, na majirani Wakisii wakala nasi.

Kisha akaja Bwana Nyama mpya, mzungu kijana, mkubwa wa mume wangu, na risasi zake za kisasa: ganda refu, shingo nyembamba, ncha kali ya shaba. Alizisifu kama mchuuzi.

"Hii hapana sumbua. Piga moja, kwisha!"

Kweli, ilikwisha. Wiki ya harusi ya binti yetu, mzungu huyo alipiga nyati aliyekuwa akiharibu mashamba upande wa Gesima. Mume wangu alikimbia na kisu, akamkuta ameshakufa, ubavu umepasukia ndani, damu imeganda. Bwana Nyama akampakia kwenye lori, akamleta hadi mlangoni kwangu. Zawadi ya harusi, ati.

"Hiki ni kibudu, kimekufa bila kuchinjwa," nikasema. "Sipiki."

Wageni kutoka Keroka walikuwa njiani, na sufuria nilikuwa nimeshazibandika. Wifi yangu akanivuta kanga.

"Wifi, funika kombe mwanaharamu apite. Atamfukuza kazi kaka yangu!"

"Mwanaharamu na apite. Haramu haipiti kooni mwa wageni wangu!"

Bwana Nyama alicheka kwanza, halafu akawa mwekundu. "Nyama mzuri! Wewe iko kichaa?"

Nikamwambia risasi yake haina adabu. Ile ya zamani humwacha mnyama hai mpaka jina la Mungu litajwe. Yake inamaliza kila kitu kabla mtu hajafungua mdomo.

Akamgeukia mume wangu. Asiyekula nyama yake, akasema, hashiki bunduki yake.

Kazi ile ndiyo iliyotulisha. Mume wangu, mtu wa maneno machache, hakunitazama. Aliingia ndani, akatoka na bunduki na mkanda wa zile risasi nene nilizozifuta asubuhi, akaviweka kwenye lori pembeni ya nyati. Kisu alibaki nacho kiunoni.

"Chukua na nyama yako, Bwana," akasema.

Lori lilipoondoka, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilikuwa na mbuzi dume mmoja, beberu mweupe wa ndevu, mkaidi kupindukia, ambaye kila siku nilikataza asiguswe. Siku ile nilimshika miguu mwenyewe.

Nyama haikutosha, tukaongeza maharage. Waliotaka kunung'unika niliwakazia macho wakanyamaza.

Sasa wajukuu wakiniuliza bibi ulifanya nini zama za mkoloni, nawaambia: tulimchinja beberu uani kwetu, mchana kweupe, na Bismillahi tulisema.