Mama Mkwe Juu ya Sitaha

Yoti niliipata kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Rafiki yangu mmoja ana karakana ya injini za boti kule Mtwapa, na siku ambazo siingii kazini bandarini, ambako natengeneza mashine za kunyanyulia makontena, nilikuwa na mazoea ya kwenda kumpiga tafu. Nyuma ya karakana yake palikuwa na chombo cha mbao, cha kusafiri kwa tanga, kimeegemezwa miti tangu kabla sijajuana naye. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kizungu aliyerudi kwao kutibiwa na hakuonekana tena. Mwisho alipiga simu akasema apewe yeyote, bora tu asikipasue kuni.

"Nitolee hiki kitu hapa," rafiki yangu aliniambia. "Isitoshe wewe Mkamba. Mbao ziko damuni mwenu."

Mkamba ni mimi kweli, lakini maishani mwangu sijachonga hata mwiko. Kazi yangu ni chuma na grisi. Hata hivyo nilikizunguka kile chombo, nikapitisha kiganja ubavuni. Rangi ilikuwa imebabuka vibaya na mbao zimeachana, ila umbo lake, mbele kukonda, katikati kujaa, lilikuwa zuri mno kuachiwa mchwa. Nikasikia mdomo wangu ukisema nakitaka.

Tulikileta nyumbani kwetu Magogoni, Kisauni, juu ya lori, tukienda mwendo wa maiti, na kijana wa utingo amesimama juu na mti mkavu akiinua nyaya za simu kila tulipopita chini yake. Mke wangu alikuwa akitungoja langoni, tepu ya kupimia nguo shingoni, maana yeye ni fundi cherehani wa sare za shule. Aliitazama yoti, akalitazama lango, akashusha tepu yake na kupima.

"Haiingii," alisema. "Kwa hiyo kinachovunjwa ni ukuta wangu au hilo jahazi lako?"

Ukavunjwa ukuta. Majirani walisaidia kwa furaha isiyo na kifani, kwa kuwa hakuna kazi tamu kama kubomoa kwa mwenzio. Ilipokwisha kuegemezwa uani, ikiwa imeziba dirisha la jikoni na kamba zote za kuanikia, mke wangu aliketi kwenye ndoo akacheka mpaka akafuta machozi kwa tepu. Ndipo nikajua nimesamehewa. Nusu.

Hazikupita wiki nyingi, mama mkwe akaja kukaa nasi. Alitoka kwake Kaloleni kuja kutibiwa mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Daktari alitaka kupasua moja, angoje lipone, kisha apasue la pili, na huko kote aishi karibu na hospitali. Karibu maana yake ni kwetu.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni, haya baina ya mtu na mkwewe. Huketi na mama mkwe ukapiga soga. Humtazami usoni ovyo. Mkikutana njiani unapisha pembeni na kuinamisha kichwa. Wagiriama, watu wa mke wangu, nao wana heshima kwa wakwe, lakini yetu sisi ni ya kupindukia, na mimi nilikuwa nimeizingatia miaka yote ya ndoa bila taabu kwa sababu mama mkwe alikuwa Kaloleni. Sasa alikuwa sebuleni kwangu, kwenye kiti ninachokalia kutazama mpira.

Basi nikahamia kwenye yoti. Nikitoka kazini nilisimama langoni, macho chini, "Shikamoo mama," naye akijibu "Marahaba baba, pole na kazi," kisha mimi huyo, juu ya ngazi. Nilipiga msasa, nikang'oa misumari iliyooza, nikakwangua rangi. Chai nilipandishiwa huko huko. Kazi ilikwenda mbele kweli kweli, na sidhani kama kuna mtu katika Kisauni yote aliyepata kufanya bidii kwa sababu ya haya namna ile.

"Mama anauliza kama umemchukia," mke wangu aliniambia siku moja akinipa kikombe.

"Mwambie ni heshima."

"Heshima gani ya kushinda juu kama kunguru?"

Nilipokea kikombe nikarudi kwenye msasa. Lakini jambo lenyewe lilijitatua Jumamosi moja ya joto kali. Nilikuwa chumba cha chini cha yoti nikisugua mbao, na kwa ajili ya joto nilikuwa nimevua shati na suruali nikabaki na kaptura ambayo siyo ya kuonwa na watu. Nikasikia ngazi ikilia. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni Kongowea, kwa hiyo hatua zile hazikuwa zake. Zilikuwa za pole pole, za mtu anayetafuta pa kukanyaga. Mama mkwe, jicho moja limefungwa bandeji, alikuwa anapanda sitahani, ile sakafu ya juu ya chombo, na ungo wa muhogo mkavu ili auanike mahali kuku wasipofika.

Nilijibanza. Yeye aliumwaga muhogo juu ya mbao zilizonifunika kichwa, akawa anautandaza huku akiimba wimbo wa kanisani kwao. Nilidhani akimaliza atashuka. Akamaliza, akaketi kupumzika. Vumbi la msasa likanipanda puani, nikapiga chafya iliyotikisa mbao zote.

"Nani humo?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe! Mbona hukusema?"

"Sijavaa vizuri, mama."

Kisha nikasikia kicheko, kwanza kidogo, halafu kikubwa kabisa, cha mwanamke aliyekuwa hajacheka tangu alipofika kwetu. "Basi kaa huko huko," alisema, "nami nikae huku huku. Hunioni, sikuoni. Tena mimi hata ningekuona, nina jicho gani la kukuonea? Haya, nambie. Hiki chombo utakipeleka wapi?"

"Hata sijui, mama. Labda kwenye ule mkono wa bahari pale Mishomoroni. Kuvuka na kurudi."

"Kwa hiyo huna safari."

"Sina, mama."

"Vizuri," alisema. "Wenye safari huwa na haraka, wakaharibu kazi."

Tuliongea mpaka mke wangu akarudi. Alinieleza marehemu mumewe alivyokuwa mgema asiyependa kupanda minazi mirefu, na jinsi mke wangu alivyokuwa mtoto mkaidi aliyekataa kubebwa mgongoni. Mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Nthoni imekataza mengi, nikajiambia, lakini sijamsikia mzee yeyote akiizungumzia sitaha.

Tangu siku ile hapakuwa na jioni asiyokuja kuketi nje ya yoti na mimi nikiwa ndani. Bandeji ilipofunguliwa, ikawa vingine. Jicho lile lilikuwa jipya na yeye alikuwa nalo kama mtoto na kiatu cha sikukuu. Aliona mvi za binti yake akamtangazia mbele ya wateja. Aliona buibui darini. Halafu akazigeukia mbao zangu.

Nilikuwa nimefikia kazi ya kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba iliyochovywa mafuta, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo. Ugumu wake ni kujua mwanya ulipo. Mama mkwe akagundua kuwa nikiwasha taa ndani, yeye akazunguka nje kivulini, kila mwanya unamwonyesha mwanga. Alichukua kipande cha mkaa jikoni akawa mkaguzi wangu.

"Hapa! Mwanga!" Akipiga ubao kwa kidole. "Na hapa tena."

"Hapo nimeziba, mama."

"Umeziba kwa maneno. Jicho hili limefunguliwa juzi tu, halijajifunza kusema uongo."

Nikitoka kwenda kuziba kwa nje, yeye alipisha upande wa pili wa yoti. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, tukizungukana kama jua na mwezi, na yoti katikati yetu. Palipokuwa pameoza kwenye mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaobeba chombo chote, Mkamba mwingine angechonga kipande kikakaa kama kilichoota pale. Mimi nilikata bamba la chuma nikalifunga kwa bolti nene pande zote mbili. Rafiki yangu wa Mtwapa alipokuja kukagua alisema ni kazi mbaya kuliko zote alizowahi kuona, na kwamba haitavunjika milele.

Tanga nalo lilikuwa limeliwa na panya. Mke wangu alikuwa ameapa kuwa cherehani yake haitaigusa yoti, lakini jioni moja nilimkuta sebuleni amelitandaza tanga zima, viti vimebebanishwa pembeni, akitambaa juu yake kwa magoti na chaki mdomoni.

"Usiseme neno," alinionya.

Alivunja sindano nyingi na akanitukania kila moja. Palipohitaji viraka vigumu alitumia kitambaa cha kaki alichobakiza kwenye sare, ndiyo maana hata leo tanga letu, ukilitazama kwa mbali, linaonekana limevaa kaptura za shule ya msingi. Rangi ya ubavuni alichagua mama. Manjano ya embe bivu. "Nataka niione kutoka mbali," alisema, na hakuna aliyethubutu kubishana.

Siku ya kuishusha majini tuliirudisha kwenye lori mpaka ufukweni Mishomoroni, maji yakiwa yametoka, tukaiweka kwenye tope kando ya mikoko na kuifunga kamba mbili. Walikuja majirani, walikuja kina mama wa kanisa letu wakiimba, na sufuria ya pilau ikaja kichwani. Mama mkwe akasema yeye atakuwa ndani maji yakipanda. Tukampandisha sitahani na kiti chake cha plastiki.

Sasa, rafiki yangu alikuwa ameniambia kuwa mbao zilizokaa juani miaka mingi, hata uzizibe vipi, zikirudi majini lazima zinywe kwanza. Maji yataingia, chombo kitalala chini, na mbao zikishavimba ndipo zitafungana. Nilimweleza mama mkwe jambo hili kinaganaga siku moja, yeye nje mimi ndani. Wengine wote, akiwemo mke wangu, nilisahau kuwaeleza.

Maji yakapanda. Yoti ikatikisika kidogo, watu wakashangilia, kina mama wakapiga vigelegele. Halafu badala ya kuelea, ikaanza kujaa. Kila mwanya uliotupita ulitoa kijito chake. Vigelegele vikakatika.

"Inazama!" mtu alipiga kelele.

"Mtoe mama yangu!" Mke wangu alikuwa keshaingia majini na viatu vyake. "Mtoe mama yangu humo!"

Jirani yetu mmoja, mtu mwema lakini mwepesi, alinishika bega akanipa pole, akaniuliza taratibu kama ule mlingoti nitakuwa na haja nao tena, maana angepata nguzo ya antena. Nilijaribu kueleza lakini nani atakusikia. Nikaingia majini, yakanifika kifuani, nikaenda mpaka ubavuni mwa yoti. Mama mkwe alikuwa ameketi palepale kwenye kiti chake, leso ameipandisha magotini, maji yakimcheza miguuni.

Nikasimama mbele yake. Aliinama, uso wake ukaja usawa wa wangu, na hapakuwa na ubao wowote kati yetu. Nilimtazama. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kuwa mke wangu macho yake ameyatoa kwake.

"Mama, nikushushe?"

"Kwani si ulisema itakunywa?"

"Nilisema."

"Basi iache inywe." Akawageukia watu wa ufukweni. "Nyamazeni nyie! Haizami, ina kiu. Na mimi nina njaa, hilo pilau ni la kutazama?"

Akaletewa sahani yake mle mle, mke wangu ameishika juu ya maji kwa mikono miwili, analia na kucheka pamoja. Yoti ilikwisha kulala kwenye tope, sitaha tu imebaki usawa wa maji, na mama mkwe juu yake anakula kwa utulivu kama yuko barazani kwake. Kina mama wa kanisa, kwa kukosa la kufanya, wakaanza wimbo mwingine.

Siku zilizofuata maji yakitoka tulikwenda kuyachota kwa ndoo. Kila mara yalirudi kidogo kuliko jana, mpaka asubuhi moja tulifika tukaikuta imeelea yenyewe, manjano tupu, inavuta kamba kama mbuzi. Rafiki yangu akaja kutufundisha tanga. Mimi nilikuwa mwanafunzi mbovu, kwa sababu mtu wa mashine hutaka kuushika upepo kwa nguvu. Mke wangu aliukamata usukani akauelewa siku hiyo hiyo. Anasema ni kama kuongoza kitambaa chini ya sindano, ukikivuta kinakunjamana, ukikiachia kinakwenda chenyewe.

Jicho la pili la mama lilipasuliwa salama, akarudi Kaloleni. Siku hizi tukienda kumtembelea tunakula sinia moja. Kaka zangu wa Ukambani walipoona picha ya mlo huo walipiga simu kuuliza nimerogwa na nani.

Nahodha wa yoti ni mke wangu, hilo halina mjadala. Mimi natoa maji kwa kopo na kukaa ninapoambiwa nikae. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa katikati ya maji, upepo mzuri, ameegemea usukani na gauni lake la kanisani chini ya jaketi la kuokolea, simu ikalia. Alikuwa mama. Alitaka kujua kama nimeshapaka rangi mpya ile sehemu ya nyuma iliyochubuka.

"Bado, mama," nilisema.

"Nakuja Alhamisi," alisema, akakata.