Kuhesabu Kabeji za Watu

Simu ya mume wangu iliita siku tuliyomzika. Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini na wanawake wananipa maji ya kunawa. Niliipokea kwa sababu hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Aliyepiga alikuwa dereva wa lori, yupo Mombo, anauliza kama kabeji ziko tayari apande mlimani kuzichukua.

Kwetu kukiwa na maiti hakuna anayekwenda shamba mpaka azikwe. Kabeji zote zilikuwa bado zimesimama kwenye matuta. Nikamwambia, "Usipande. Leo hakuna aliyevuna. Mwenye simu tumemzika."

Akasema, "Pole sana, mama." Tangu siku hiyo watu wa kabeji wananipigia mimi.

Sikuiomba kazi hiyo. Niliishia darasa la saba, na kazi ya mume wangu niliijua kwa kuisikia tu nikiwa jikoni. Kila wiki aliwapigia wakulima wa bonde letu, chini ya mlima Magamba, kila mmoja akamtajia atavuna kabeji ngapi. Alijumlisha, kisha akampigia tajiri anayezinunua, aliyeko Dar es Salaam. Kwa hesabu hiyo tajiri aliamua alete fuso, lile lori kubwa, au kenta ndogo, akawaahidi wateja wake sokoni. Nilidhani kazi ni kujumlisha.

Wiki ya kwanza nilijumlisha vizuri, nikarudia mara mbili. Fuso likaja, likaondoka nusu tupu, kwa sababu kila mtu alikuwa ameongeza akihofia lori lisije. Wiki iliyofuata watu waliona aibu, kila mmoja akapunguza. Tajiri naye hakuniamini, akapunguza juu ya hapo. Ikaja kenta. Kabeji zilizobaki barabarani zilinyeshewa siku tatu mpaka zikatoa harufu.

Tajiri akanipigia. "Mama, sikulaumu, una msiba. Lakini tukikosea tena, lori nalipeleka bonde jingine. Marehemu alikuwa hakosei."

"Alikuwa anafanyaje?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyekaa naye."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kila alipokata simu alikuwa akisema peke yake, "Huyu punguza." Au, "Huyu mama ongeza, anaogopa kijicho." Nilikuwa nikicheka huku nasonga ugali. Kumbe ile ndiyo ilikuwa kazi. Alimjua kila mtu, nani hutaja nyingi kwa tamaa na nani hutaja chache kwa woga, na yote hayo aliyabeba kichwani akaondoka nayo. Nilijaribu kukumbuka mmoja mmoja, nikawapata watatu tu. Tena, sikuweza kuchukua neno la mtu nikalibadilisha bila yeye kujua. Mume wangu aliweza, na hakuna aliyedhulumika. Mimi ningejiona muongo.

Binti yangu alikuwa ananisubiri Tanga nikakae naye. Nilimwambia nitakuja nikimpata wa kumwachia simu. Kila niliyempa aliirudisha. Wakati huohuo, lori likituacha, bonde zima litabaki na kabeji zake.

Nikaamua kwenda kuziona kwa macho. Si jambo jepesi. Kwetu kuhesabu mazao ya mtu yakiwa bado shambani ni kama kuyatakia mabaya. Nilianza na kaka wa marehemu mume wangu, maana akinikatalia yeye, wote watanikatalia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Matanga hayajaisha, nawe uko njiani?"

"Nimekuja kuona kabeji."

"Si nilikwambia kwenye simu? Elfu moja."

"Nilisikia. Nataka kuziona."

Akacheka kidogo. "Unanikagua? Ndugu yangu hakuwahi kunikagua."

"Hakukukagua," nikasema. "Alikuwa anakupunguza. Ukisema elfu, yeye anasema mia sita."

Alikaa kwenye jiwe. "Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na lori lilikuwa linatosha."

"Lilikuwa linatosha."

Alitazama shamba. Sikujua kama amekasirika au anamlilia ndugu yake. Kisha akasema, "Mgosi yule, mwanamume kweli. Haya, hesabu. Ila usinyooshe kidole."

Nilihesabu kwa kidevu, tuta kwa tuta. Zilizofunga vichwa zilikuwa mia sita na arobaini. Zilizobaki zilikuwa bado majani. Yeye alikuwa anataja miche aliyopanda, na moyoni mwake hakuwa anadanganya. Nilipomaliza akasimama ukingoni akapaza sauti ng'ambo ya bonde, "Anakuja kuhesabu! Mwacheni apite!"

Nilitembea siku mbili, kupanda na kushuka, kisha nikampigia tajiri.

"Niongeze kidogo?" akauliza.

"Usiongeze."

"Nipunguze?"

"Usipunguze. Nimeziona."

Fuso lilikuja, likajaa mpaka turubai likafungwa kwa shida. Jioni tajiri akanipigia, sauti imelegea. "Mama, hivyo hivyo kila wiki. Mimi sasa nasikiliza hesabu yako tu."

Nilimshukuru. Lori lingeendelea kuja, na nilikuwa nimelitaka hilo. Lakini nilikaa kitandani na magoti yanawaka, nikahesabu wiki badala ya kabeji, nikaona hazina mwisho. Bondeni kwetu watu wanapanda mwaka mzima.

Nilimpigia binti yangu nikamwambia asinisubiri.

"Mpaka lini, mama?"

"Sijui."

"Si uwaambie tu umechoka?"

Niliwaambia. Jumapili baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa nikawaambia nimechoka, nataka kwenda kwa mwanangu. Walinisikiliza kwa heshima. Wengine walinishika mkono wakanipa pole. Jumatatu asubuhi wakaanza kunipigia, kuniuliza wiki hii naanza na shamba la nani.