Siku Ayeyo Alipopanda Mashua

Juzi niliona mashua ikivuka mto Tana, nikamkumbuka ayeyo, nyanya yangu, mfugaji wa Eldas aliyeogopa maji. Nilipokuwa mtoto, mafuriko yalikuwa yamefunika barabara ya kuingia Garissa, tukavushwa kwa mashua iliyonuka samaki na matope. Ayeyo alifumba macho, akanikumbatia ndani ya mtandio wake wenye harufu ya ubani, akawa anasoma dua. Makasia yalipiga maji taratibu.

“Ayeyo, miti inahama!” nilipiga kelele. Kwetu mbuzi, ngamia na hata nyumba vilihama. Sikujua kwamba tuliosogea ni sisi.

Akafumbua macho, akacheka mpaka mashua ikayumba. Tulipofika ng’ambo alikataa kushuka.

“Turudishe, mwanangu,” alimwambia mpiga kasia. “Wallahi, nusu ya safari sikuiona.”