Udi wa Baba na Mashimo ya Shaba

Enzi zetu, sisi tulioletwa Oman kutoka Unguja hatujui hata kuomba maji kwa Kiarabu, safari haikuwa ya kupiga picha. Joto likishavunjika, mwezi wa kumi, tende zimeshaanikwa, baba alitupakia garini pale Ibra, tukapita Mudhaibi mpaka vijiji vya milimani walikochimba shaba watu wa kale. Nyuma tulikaa mimi na kaka yangu Saidi, katikati yetu vitumbua vya mama na chupa ya chai inayonukia iliki.

"Nawapeleka mkaione historia," alisema baba.

Mama hakuamini hata kidogo. "Mtu anakwenda kutazama mashimo, udi wa nini?" alininong'oneza. Na kweli, kanzu ya baba ilikuwa imefukizwa, na mapajani mwa mama lilipakatwa bakuli la halua tuliyokatazwa kuigusa.

Kijiji cha mwisho kilikuwa chini ya mlima mwekundu, kimezungukwa na malundo ya mawe meusi, mazito, yanayong'aa kama kioo. Baba alisema yale ni mavi ya shaba, masalio ya tanuri za zamani. Saidi na mimi tulicheka mpaka vitumbua vikatupalia. Tukaokota vijiwe vya kijani, mikono ikanuka kama funguo kuukuu. Nasi tukishashughulika, baba huyo na halua yake anapotelea vichochoroni. Mashimo yenyewe hakuyatupia jicho.

Mama akanifanya mpelelezi. "Mfuate. Tazama viatu mlangoni, vya kike au vya kiume."

Nilirudi na jibu: vya kike. Tulipopitia Nizwa, sokoni baba alimnunulia mama bangili ya fedha; mama akasema, "Rushwa hiyo." Mwaka mzima alizinusa kanzu za baba kabla ya kuzifua.

Safari iliyofuata hakumtuma mtu. Alijifunga baibui akapanda kichochoro mwenyewe, sisi nyuma yake. Ndugu zake wote walibaki Unguja; baba akioa milimani, yeye angekwenda kwa nani? Akausukuma mlango.

Ndani, baba alikuwa amekaa chini, anatoa kokwa za tende na kumtilia tende kiganjani ajuza asiye na jino hata moja.

"Hadhi hurmatak?" aliuliza yule ajuza. Huyu ndiye mkeo?

Baba akaitikia, uso umemshuka. Ajuza yule alikuwa mke wa babu. Babu alimwacha kijijini akenda Unguja kutafuta maisha, akiahidi kurudi, na huko akamwoa bibi yetu bila kumwambia kuwa ana mke. Bibi tuliishi naye Ibra, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kusikia kwamba yeye katika maisha yake hajapata kuwa na mke mwenza. Ndicho baba alichokuwa akikificha.

"Nitamwambiaje mama yangu, na uzee ule?" alimwuliza mama.

Mama alikaa kitako, akaivuta sahani ya tende, naye akaanza kutoa kokwa.

Tuliporudi, Bibi alituuliza tumeona nini. Sote tukamtazama mama. "Mawe tu, mama," alisema. Na sisi watoto tukafunga midomo mpaka Bibi anazikwa.

Watoto wa leo wangeweza? Msimu huu nilimpeleka binti yangu huko, akarusha picha kabla sijazima gari. Baba yake akiwa Maskati, anamwona kwenye ramani ya simu akisogea barabarani kama sisimizi. Na simu ya huyo mume wangu ikizima nusu saa tu, mimi nimeshaanza kushuku. Nimerithi kwa mama. Nawaonea wivu wanangu, sikatai. Hawatajua maana ya kumngojea mtu usiyejua yuko wapi.

Yule ajuza alingoja tangu usichana wake. Baba ndiye aliyempelekea habari kwamba babu alikufa Unguja, miaka mingi nyuma. Jirani walimwambia muda umeshapita, haimlazimu kitu. Hakuwasikiliza. Alivua bangili zake, akafunga mlango, akakaa eda.