Chakula cha Mchana, Mwezi wa Ramadhani

Kaka yangu alipougua akili, alijibizana na sauti ambazo sisi hatukuzisikia na kuwatupia mawe wapita njia. Nyumbani kwetu Garissa tulimtia mnyororo mguuni mpaka vidonge vya hospitali vilipomtuliza. Mwaka juzi Ramadhani ilimkuta ametulia kabisa. Akafunga, akaenda tarawehe na wanaume wenzake, na mama akalia kwa furaha. Majirani wakasema Mungu amemponya. Basi mama akaviweka vidonge kabatini, maana mtu anayefunga si mgonjwa. Kufikia Idi tulikuwa tumeshamtia mnyororo tena.

Sasa mama amechoka, kazi imeniangukia mimi. Ramadhani hii, kila adhuhuri napika wali, nashindika mlango majirani wasisikie harufu, kisha nakaa mbele yake na kiu yangu mpaka ale na ameze kidonge cha mchana. Sheikh ameruhusu, daktari ameamuru. Wa kuniambia nisubiri ni wengi, wa kunipokea zamu hayupo. Kaka hakatai. Hushika tu kijiko na kuniuliza mimi dada yake, taratibu, swali la jana na la juzi:

“Abaayo, kwani mimi si Mwislamu?”